Joto la mji: kwa nini Kariakoo haipoi usiku

Abiria anayepanda daladala Kariakoo, katikati ya Dar es Salaam, saa tatu usiku, mwezi wa Februari, kwenda Pugu, hahitaji kipimajoto. Mpaka Tazara shati bado limenata mgongoni. Wakishapita Gongo la Mboto nyumba zinaanza kuachana, miembe inaonekana katikati ya viwanja, na hewa inayoingia dirishani si ile waliyoondoka nayo. Ni safari ya kilomita 20 hivi. Jua lililowaka Kariakoo mchana ndilo lililowaka Pugu, na msimu ni mmoja.

Kwa haki, Pugu ni vilimani, na hewa hupoa kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi kwa kila mita 100 za mwinuko. Lakini hilo halimalizi hesabu. Hata ukilinganisha mji na mashamba ya tambarare, yaliyo kimo kimoja nao, usiku mji hubaki juu. Ukichora ramani ya joto la usiku, maeneo yaliyojengwa sana hujitokeza katikati ya eneo lililopoa, ndiyo maana wataalamu wa hali ya hewa huiita hali hii kisiwa cha joto.

Watu wengi ukiwauliza chanzo watakutajia magari, moshi, majenereta na wingi wa watu. Vyote vimo, ila kwa mji kama Dar es Salaam mchango wake ni mdogo kuliko tunavyodhani. Mwili wa mtu aliyetulia hutoa joto la wati 100 hivi. Jua la saa saba mchana, anga ikiwa haina mawingu, humwaga wati zinazokaribia 1,000 juu ya kila mita moja ya mraba. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kinapokea wastani wa kilowati 400 kwa wakati huo. Ili watu watoe joto kama hilo kwa miili yao, ingebidi wakae 4,000 kwenye kiwanja hicho kimoja. Chanzo ni jua, na jua halibagui mji na shamba. Swali ni kila upande unalifanyia nini joto hilo baada ya kulipokea.

Jambo hili limejulikana kwa zaidi ya miaka 200. Luke Howard, mtengenezaji wa dawa wa Uingereza ambaye pia ndiye aliyeyapa mawingu majina ambayo wanasayansi wanayatumia hadi leo, alipima joto kila siku nje ya London na kulilinganisha na vipimo vya katikati ya mji. Matokeo yake yalianza kuchapishwa mwaka 1818. Alikuta kwamba usiku mji ulikuwa na joto zaidi kwa karibu nyuzi 2 za sentigredi, ilhali mchana ulikuwa umepoa kidogo kuliko shamba. Nusu ya pili ya ugunduzi huo husahaulika, na kwangu ndiyo yenye ufunguo. Kama mji ungekuwa na joto kwa sababu tu unapokea joto jingi, tofauti ingekuwa kubwa zaidi adhuhuri. Kumbe tofauti ya hewa ni kubwa usiku, wakati jua halipo kabisa. Shida ya mji ni kwamba haujui kuachilia.

Maji yaliyoondoka

Tuanze na shamba. Joto la jua likifika pale, sehemu yake inarudishwa angani bila kufanya kitu. Sehemu inapasha hewa, sehemu inazama ardhini. Lakini ardhi ikiwa na unyevu na majani yakiwa mabichi, sehemu kubwa inatumika kwa kazi nyingine kabisa: kugeuza maji kuwa mvuke. Mtungi wa udongo unapoza maji ya kunywa kwa njia hiyo hiyo. Maji kidogo yanapenya kwenye ukuta wake, yanavukizwa nje, na kila tone linaloondoka linachukua joto la yale yaliyobaki ndani.

Kiasi cha joto kinachochukuliwa ni kikubwa kuliko akili inavyotarajia. Kuchemsha lita moja ya maji ya bombani kunahitaji nishati fulani; kuivukiza lita hiyo hiyo yote mpaka iishe kunahitaji takriban mara 8 yake. Kwa lugha ya Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, lita moja ikigeuka mvuke inakula karibu theluthi mbili ya uniti. Mti mkubwa wenye maji ya kutosha mizizini unaweza kupumua lita 100 kwa siku, na siku nyingine zaidi. Hizo ni uniti 68 hivi za joto ambazo hazikupasha hewa wala ardhi. Kiyoyozi cha chumba kikiwashwa mchana kutwa na usiku kucha kinaondoa joto la kiasi hicho, kwa tofauti moja kubwa: kiyoyozi hakiliondoi joto mjini. Kinalitoa chumbani na kulimwaga kichochoroni, pamoja na joto la umeme kinaoutumia. Kwa kila uniti 3 za joto zinazotoka ndani, nje hutupwa 4. Aliye ndani anapoa, na jirani asiye nacho analipia kwa jasho.

Sasa tazama maji yanavyokwenda mjini. Mvua ya masika ikinyesha Pugu au Kisarawe, nyingi inanywewa na udongo, kisha miti na nyasi zinaitumia kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Ikinyesha Kariakoo, Manzese au Buguruni inakutana na mabati, zege, lami na matofali ya kupanga uani. Haipati pa kuingia. Ndani ya saa chache imeshateremka mitaroni, imefika Mto Msimbazi, imejaa bonde la Jangwani, imesimamisha magari, na imeishia baharini. Siku mbili baadaye jua linawaka juu ya mji mkavu. Watu wamezoea kuyaweka mafuriko na joto katika mafungu mawili, moja la masika na jingine la kiangazi, na idara tofauti zikashughulikie kila moja. Kwa kweli ni jambo moja. Maji yaliyotuletea mafuriko Aprili ndiyo ambayo yangetupoza baadaye, kama tungeyaachia mahali pa kukaa.

Hapa lazima niweke tahadhari, maana mambo ya pwani si sawa na ya bara. Hewa ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa tayari imeshiba mvuke. Mwezi wa Februari jasho halikauki upesi kwa sababu hewa haina nafasi ya kupokea zaidi, na kwa sababu hiyo hiyo mti wa pwani haupozi hewa kwa uvukizaji kwa nguvu ile ya mti wa Dodoma. Kwa mtu wa pwani, faida kubwa ya mti ni kivuli. Mtu aliyesimama juani anapokea joto kutoka kwenye jua lenyewe, kutoka kwenye lami iliyo chini ya miguu yake, na kutoka kwenye ukuta wa pembeni. Aliye chini ya mwembe amekingwa na jua, na ardhi iliyo chini ya mwembe nayo haikuwahi kupata moto. Kipimajoto cha hewa kinaweza kuonyesha tofauti ndogo kati yao, lakini mwili unajua.

Bati na tofali

Vitu tunavyojengea havifanani tabia, na kuvichanganya huleta maamuzi mabaya.

Lami mpya hurudisha angani mwanga mdogo sana, kama sehemu 5 hadi 10 tu kati ya 100. Iliyobaki inaimeza. Zege jipya jeupe hurudisha zaidi, ila likichafuka linapoteza sifa hiyo. Rangi nyeupe safi inaweza kurudisha sehemu 70 na zaidi. Ndiyo maana kwenye jua moja, saa ile ile, unaweza kukanyaga mstari mweupe wa barabara kwa mguu mtupu na ukashindwa kukanyaga lami iliyo pembeni yake.

Bati ni jembamba. Mchana linawaka mpaka nyuzi 60 na kuendelea, na lisipokuwa na dari chini yake, joto hilo linamshukia aliyekaa ndani kichwani moja kwa moja. Lakini bati halina unene wa kuhifadhi kitu. Jua likizama halichukui muda kupoa. Tofali la saruji la inchi 6 lina tabia nyingine. Asubuhi chumba chake kina nafuu, na mwenye nyumba anafurahia kwamba amejenga kitu cha maana. Mchana ukuta wa magharibi unapigwa na jua kuanzia saa saba hadi magharibi, na joto linasafiri polepole ndani ya tofali. Linatokea upande wa pili saa kadhaa baadaye, watu wanapotandika. Weka mkono kwenye ukuta huo saa mbili usiku: nje hewa imeshaanza kupoa, na ukuta bado una joto.

Nyumba ya kawaida ya mji wetu wa leo imeunganisha mawili hayo, bati juu na tofali pembeni, kwa hiyo inateseka mchana kwa sababu ya paa na usiku kwa sababu ya kuta. Nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti haikuwa hivyo. Makuti ni manene, yana hewa katikati, na hayapitishi joto kirahisi. Sisemi turudi huko wote. Makuti yanawaka moto, yanavuja, na kwenye viwanja vilivyobanana ni hatari. Nasema tu kwamba tulipobadilisha paa tuliacha kitu kilichokuwa kinafanya kazi, na mara nyingi hatukuweka kingine mahali pake.

Anga iliyozibwa

Sasa usiku wenyewe. Kila kitu chenye joto hutoa mionzi isiyoonekana, na usiku ardhi hupoa hasa kwa kutuma mionzi hiyo juu angani. Uwanja ulio wazi unaiona anga yote, kwa hiyo unatuma pande zote bila kizuizi. Kichochoro kinaona ukanda mwembamba tu wa anga. Mionzi inayotoka kwenye ukuta mmoja inagonga ukuta wa pili, ule wa pili unaurudishia wa kwanza, na joto linabaki linazunguka humo humo.

Tim Oke, mtaalamu wa tabianchi ya miji wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, alionyesha kuanzia miaka ya 1970 na 1980 kwamba kiasi cha anga inayoonekana kutoka mtaani ni moja ya vitu vinavyoeleza vizuri zaidi mji utazidi shamba kwa nyuzi ngapi usiku mtulivu. Hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe. Chukua mtaa wenye upana wa mita 10, wenye nyumba za chini kila upande, kimo chake mita 4. Aliyesimama katikati anabakiwa na asilimia 78 hivi ya anga. Bomoa nyumba hizo, jenga ghorofa 10 kila upande, kama mita 30 kwenda juu, na mtaa uache na upana wake ule ule. Anga iliyobaki ni asilimia 16. Hiki ndicho kilichotokea Kariakoo. Mitaa ilipimwa kwa ajili ya nyumba za Kiswahili zenye vyumba sita na ua, na leo juu ya viwanja vile vile kumesimama maghorofa.

Mtu anaweza kuuliza: mbona Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar vina vichochoro vyembamba zaidi, na wazee wetu walivijenga hivyo makusudi? Ni swali zuri, na jibu lake linaonyesha jinsi mambo haya yasivyokubali kanuni moja. Kichochoro chembamba ni kivuli cha uhakika mchana. Jua la ukanda wetu liko juu sana. Dar es Salaam hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na kama tarehe 10 Oktoba. Mtaa mpana hauna pa kujificha. Wajenzi wa Lamu walichagua kivuli, wakajenga kuta nene za mawe ya matumbawe zinazochelewesha joto, wakazipaka chokaa inayolirudisha, wakaweka ua wa ndani ulio wazi juu ili nyumba ipumue, na mara nyingi wakaezeka makuti juu ya sakafu ya paa, mahali pa kukaa na kushika upepo. Gharama ya usiku ya kichochoro walikuwa wameshailipa kwa njia nyingine. Kariakoo ya leo imechukua wembamba wa mtaa peke yake. Kuta ni za zege na vioo, hazina chokaa wala ua, na kila dirisha lina kiyoyozi kinachopuliza joto nje.

Kisha kuna upepo. Kwa mji wa pwani, upepo wa bahari ndio dawa ya kila siku. Ardhi inapopata joto asubuhi, hewa yake inapanda, na ile ya baharini inaingia kujaza nafasi. Majengo marefu yakipangwa sambamba na ufukwe yanaupunguzia nguvu, na mitaa ya nyuma inabakiwa na hewa iliyosimama. Hali huwa mbaya zaidi msimu wa tanga mbili, kaskazi ikiwa imelegea na kusi haijashika. Usiku usio na upepo wala mawingu ndio ambao kisiwa cha joto hufika kilele chake, maana hakuna kinachoichanganya hewa ya mji na ya shamba.

Vipimo viwili vinavyochanganywa

Siku hizi ramani za setilaiti zenye rangi nyekundu na buluu zinasambaa sana, na mara nyingi zinaambatana na maneno kwamba mtaa fulani una nyuzi 45. Setilaiti haipimi hewa unayovuta. Inapima joto la sehemu ya juu ya vitu: paa, lami, majani ya mti. Joto hilo ni kubwa zaidi mchana, na tofauti zake kati ya mji na msitu mchana ni kubwa mno. Hewa hufuata ratiba nyingine, na tofauti yake huonekana zaidi usiku. Vyote viwili ni kweli, ila mtu akikuonyesha tarakimu muulize kwanza: ni ya hewa au ya paa, na ilipimwa saa ngapi? Bila majibu hayo tarakimu haina maana.

Kingine kinachochanganywa ni joto la mji na ongezeko la joto la dunia. Dunia imepanda kwa zaidi ya nyuzi 1 tangu nusu ya pili ya karne ya 19, na ongezeko hilo limepimwa baharini, vijijini na kwenye barafu, mahali pasipo na lami wala ghorofa. Kwa hiyo si miji iliyodanganya vipimo. Joto la mji nalo lingekuwepo hata kama hali ya hewa ya dunia isingebadilika. Howard aliliona kabla ya magari. Mkazi wa mjini anabeba yote mawili, moja juu ya jingine. Kuhusu joto la dunia, mtendaji wa mtaa wa Tandale hana la kufanya kubwa. Kuhusu joto la mji analo.

Ni vyema pia kujua kwamba tofauti hii inategemea kinachouzunguka mji. Miji ya ukanda wetu wa joto kwa kawaida huonyesha tofauti ndogo kuliko miji ya nchi za baridi yenye ukubwa kama wake, na tofauti hupungua zaidi wakati wa mvua, shamba nalo likiwa limelowa. Kwenye Ghuba, mji uliozungukwa na jangwa unaweza mchana kuwa na nafuu kuliko jangwa, kwa sababu ya majengo yanayotoa kivuli na bustani zinazomwagiliwa. Wenzetu wa Muscat wanalijua jambo jingine: milima ya mawe meusi inayoukumbatia mji hufanya usiku kazi ile ile ya ukuta wa zege. Juni 2018, katika mji wa Quriyat kwenye pwani hiyo ya Oman, ilipita siku nzima, usiku na mchana, bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6.

Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Julai hakuna anayelalamikia joto la mjini. Wengi wangeliomba liongezeke. Hata hivyo vipimo vilivyofanywa na watafiti mwaka 2015 na 2016 katika mitaa ya Kibera, Mathare na Mukuru vilikuta joto linalozidi kwa nyuzi kadhaa lile linaloripotiwa na kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti. Ndiyo kusema taarifa ya hali ya hewa tunayoisikia redioni haiwasemei watu wa mitaa hiyo. Kituo cha hali ya hewa, kwa utaratibu wa kitaalamu, huwekwa penye nyasi na nafasi. Watu hawalali penye nyasi na nafasi.

Kivuli kilivyogawanywa

Ukiitazama Dar es Salaam kutoka juu, kijani hakikutawanyika ovyo. Kipo Oysterbay na Masaki, kipo kandokando ya Ocean Road, na kwenye Bustani ya Mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Kinaishia pale Kariakoo inapoanza. Huu ni urithi. Utawala wa kikoloni uliugawa mji: Uzunguni viwanja vipana na miti, Uhindini maduka na ghorofa, Uswahilini nyumba zilizokaribiana. Kati ya pande hizo ukaachwa uwazi wa Mnazi Mmoja ili kuzitenganisha. Uhuru ulibadilisha nani anaishi wapi, lakini miti ilibaki ilikopandwa. Na mji ulipokua, sensa ya 2012 ikiuhesabia watu milioni 4.36 na ile ya 2022 milioni 5.38, wengi wa wageni waliingia kwenye mitaa ambayo haikuachiwa hata nafasi ya mti mmoja.

Hili linaniuma, na sioni haja ya kulificha. Anayepata joto jingi zaidi ndiye mwenye uwezo mdogo wa kulikimbia. Chumba kimoja, watu watano, bati halina dari. Dirisha linafungwa kwa hofu ya wezi, chandarua kinapunguza hata kile kipepo kilichopo, na umeme ukikatika feni inasimama. Mwili unahitaji usiku upoe ili moyo upumzike kutokana na kazi ya mchana ya kusukuma damu kwenye ngozi na kutoa jasho. Wafaransa walijifunza hili kwa uchungu Agosti 2003. Watu wapatao 15,000 zaidi ya kawaida walikufa nchini mwao kwenye wimbi moja la joto, wengi wao wazee, na Paris kulikuwa na usiku ambao joto halikushuka chini ya nyuzi 25. Msomaji wa Mombasa atasema nyuzi 25 usiku kwetu ni kawaida, na ni kweli. Miili, mavazi na ratiba zetu zimezoea. Lakini mazoea yana mpaka, na kwetu pwani nafasi iliyobaki kati ya hali ya kawaida na mpaka huo si kubwa.

Kinachoweza kufanyika kinaanzia kwenye paa. Ahmedabad, mji wa India uliopata wimbi baya la joto mwaka 2010, uliandaa mpango wake wa kukabiliana na joto mwaka 2013, na baadaye ukaingiza humo kazi ya kupaka paa za nyumba za masikini chokaa na rangi nyeupe. Ni kazi ya brashi na ndoo. Ina kasoro zake: vumbi linaifunika, mvua inaiosha, na lazima irudiwe. Kwa nyumba ya bati ningeweka dari kwanza, hata ya bodi za bei nafuu, na matundu ya kutolea hewa ya moto chini ya kenchi, kisha ndiyo rangi. Anayejenga upya angeepuka kuweka vyumba vya kulala upande wa magharibi. Jiko au stoo inavumilia jua la alasiri kuliko mtoto aliyelala.

Uani, ningeomba jambo moja tu: sehemu iachwe udongo. Siku hizi mtu akimaliza nyumba, kitu cha kwanza ni kufunika kiwanja chote kwa matofali ya kupanga, ukuta hadi ukuta, kwa ajili ya usafi. Usafi huo unapandisha joto la nyumba yenyewe na kusukuma maji ya mvua kwa jirani wa bondeni. Robo ya kiwanja ikiachwa wazi, mti unapata pa kusimama.

Na mti wenyewe uchaguliwe. Ashoki iliyonyooka inapendeza kwenye uzio na haina fujo, lakini kivuli chake hakimtoshi mtu na kiti chake. Mwembe, mkungu, mwarobaini na mkwaju hutanda. Upandwe upande wa magharibi wa nyumba, mbali kiasi na msingi na karo, masika yanapoanza ili mizizi ishike kabla ya kiangazi. Mwaka wa kwanza maji yaliyosuuzia vyombo, yasiyo na sabuni, yanautosha. Mwarobaini na mkungu huanza kutoa kivuli cha maana ndani ya miaka michache. Mwembe na mkwaju huchelewa zaidi, na kwenye kiwanja chenye nafasi ni vizuri kupanda mmoja wa kila aina siku moja, wa haraka ukitangulia huku ule wa kudumu ukikua.